Inchi Tatu Nilizozikata Mwenyewe

Kuna watu wana aibu ndogo ndogo za kusimulia, mtu alijikwaa mbele ya wakwe, mtu alimwita mwalimu wake mama, basi wanacheka, wanamalizia chai, maisha yanaendelea. Yangu haikuwa ya saizi hiyo. Yangu iliujaza uwanja mzima wa Newala, ikashuhudiwa na wazazi, walimu, mgeni rasmi kutoka mkoani na baba yangu mzazi aliyekuwa amevaa kanzu mpya kwa ajili yangu, na mpaka leo nikienda sokoni kuna mzee mmoja akiniona hushika mkanda wake kwanza ndipo anisalimie. Kwa hiyo nasimulia mwenyewe, maana nisiposimulia mimi watasimulia wao, nao huongeza chumvi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, naitwa Somoe binti wa mkulima wa korosho, na kazi ndiyo kwanza nimeipata kwenye ushirika wa kushona nguo. Jina refu la ushirika lilikuwa kwenye mhuri na hakuna aliyelikumbuka, sisi tuliuita Sindano. Wazo lilikuwa la Bwana Mbwambo, bwana maendeleo, Mpare aliyehamishiwa kwetu na serikali, mtu mwembamba asiyeweza kukaa kwenye kiti dakika tano. Aliona watu wanahamia vijiji vipya, kila kijiji kinajenga shule, kila shule inataka sare, na sare zinatoka mbali na zinachelewa. Akasema, kwa nini tusishone sisi wenyewe? Akaenda kwa Mama Felista.

Mama Felista alikuwa Mmakonde wa ng'ambo. Alivuka Ruvuma na watoto watatu akikimbia vita, cherehani cha mkono kichwani, mumewe akabaki kule kupigana na Mreno. Alikuwa mnene kidogo, mpole, maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya kwao (mtoto kwake ni ntoto, mkubwa ni nkubwa), na alipokuwa akishona ungedhani nguo inajishona na yeye ameishikilia tu isianguke. Walianza barazani kwake, vyerehani viwili, watu wanne.

Sasa sijui kama nyie mmewahi kufanya kazi mahali panapokua kwa kasi ya namna ile. Kabla mikorosho haijatoa maua tulikuwa kumi na tisa. Korosho zilipoanza kudondoka tulikuwa tumeshahamia kwenye ghala kuukuu, vyerehani ishirini na viwili, na kila Jumatatu unakuta sura ambazo hujawahi kuziona zimekaa kwenye kiti chako. Vyerehani vilifika kabla ya meza, meza zikafika kabla ya viti, ikabidi wiki nzima watu washone wamesimama. Mlinzi alishona vifungo. Mama aliyetuchotea maji ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo (na maji kwetu, mnajua, ni safari, kwa hiyo akienda kuchota tunakaa bila uzi mpaka arudi). Bwana Mbwambo alikuwa anapita katikati yetu na karatasi za mfuko wa saruji alizoandika mipango, anasema, "Mwakani Masasi! Mwaka wa pili Mtwara nzima!" na ajabu ni kwamba tulimwamini, maana kila alichosema mwezi uliopita kilikuwa kimeshatokea.

Nitawaambia kitu kimoja kabla sijafika kwenye aibu. Nilikuwa nawahi asubuhi, ukungu wa Newala bado umelala barabarani, nasimama mlangoni pa ghala, kimya. Halafu cherehani cha kwanza kinaanza, cha pili, cha tano, mpaka vyote vinaungana na bati la juu linatetemeka, na mimi mwili unanisisimka kama niko kwenye ngoma kubwa. Sisi, watu tuliozoea kuambiwa kusini hakuna kitu, ndio tuliokuwa tunaitikisa ile nyumba. Niliwahi kulia pale mlangoni, peke yangu, bila sababu nyingine.

Basi siku moja Bwana Mbwambo akaniita mbele ya watu wote akasema kuanzia leo Somoe ni Mkuu wa Vipimo. Sababu: nilipata alama nzuri za hesabu shuleni. Mafunzo: hakuna, hakuna aliyekuwa na nafasi. Alinikabidhi futi ya kupimia, ile ya utepe, mpya, ya njano, na daftari, na kazi ya kwanza, nayo ilikuwa kubwa kuliko zote: kaptura za wavulana wa shule mbili, ya Makote na ya hapa mjini, watoto zaidi ya mia mbili, ziwe tayari siku ya kufunguliwa rasmi karakana yetu, maana watoto watapita kwa gwaride mbele ya mgeni rasmi, na mgeni akiridhika tunapewa kazi ya shule za wilaya nzima. Mashati hayakuhitaji vipimo vyangu, na wasichana wangeshonewa baadaye. (Waliponea.)

Jioni ile ile niliiunguza futi. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa huku najisikia mkuu, nikaiacha futi mezani, pasi ikakanyaga ncha. Inchi tatu za mwanzo zikageuka rangi ya mkate ulioungua, zikajikunja. Sasa mtu mwenye akili angesema, "Bwana Mbwambo, nimeunguza futi," angepewa nyingine, habari imekwisha. Lakini mimi nilikuwa mkuu kwa muda wa saa nne tu, niende kusema nini? Nikachukua mkasi, nikakata pale kwenye alama ya tatu, sawasawa kabisa, ikapendeza hata. Nikajiambia: hii sasa inaanzia tatu, kwa hiyo kila nitakachosoma natoa tatu. Nikisoma inchi ishirini na saba, kiuno cha mtoto ni ishirini na nne. Hesabu ya darasa la pili.

Kesho yake nikaenda Makote. Mvua ilininyeshea njiani, watoto wakapangwa kwenye ukumbi wa shule, nikapima, nikatoa tatu, nikaandika. Kesho kutwa yake nikaenda shule ya mjini, na huko ndiko kulikuwa na mwalimu wangu wa zamani, naye aliponiona akasimamisha darasa zima akasema, "Wanangu, mnamwona huyu? Nilimfundisha mimi. Leo ni Mkuu wa Vipimo!" Watoto wakapiga makofi. Jamani, makofi ni pombe. Nilipima siku hiyo nikiwa naelea, nasoma namba kwa sauti kama nahutubia.

Wiki ya pili, niko mezani naandika orodha ya wakataji, ndipo moyo ukanipiga paa. Ile tatu. Nilikumbuka kuitoa. Nilikumbuka pia mahali fulani sikuitoa. Lakini wapi? Nikakaa nikijikumbusha, nikajishawishi kwamba Makote ndiko nilikosahau, kwa sababu nilikuwa nimelowa na nina haraka, ila kule mjini nilikuwa makini (makini!). Na hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo, kwa sababu shule ya mjini ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ghalani. Ningekwenda, nikamwita mtoto mmoja tu, nikampima tena, ningejua. Lakini siku hiyo ndiyo lori lilileta vyerehani vingine vinane, watu wanapiga vigelegele, Bwana Mbwambo ananipigia kelele, "Somoe, wakataji wanasubiri!" na kwenda kumpima mtoto mara ya pili ilikuwa kama kukiri. Nikachukua kalamu. Nikapita orodha yote ya Makote, kila mtoto nikampunguza inchi tatu.

Hesabu wenyewe. Makote walikuwa sawa, nikawabana. Mjini walikuwa wamezidi, nikawaacha.

Hakuna kaptura iliyojaribiwa. Tulimaliza asubuhi ya siku yenyewe, za mwisho zilifika uwanjani bado zina joto la pasi, walimu wakawavalisha watoto mbio mbio. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili nyuma ya wakubwa, nimejitanda khanga mpya, baba yangu upande wa pili ananipungia mkono. Uwanja ulijaa. Watu walitoka vijiji vya mbali, wengine walitembea tangu alfajiri, na wote walikuja kuona kitu chetu. Nilimwona Bwana Mbwambo amekaa kitini bila kusogea, mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Watoto wakaingia kwa filimbi na ngoma. Kwa mbali walipendeza, mashati meupe, kaptura za kaki. Walipokaribia nikaona jambo. Watoto wa mjini walikuwa wanatembea kila mmoja mkono wa kushoto uko kiunoni, wanafanana kabisa, hata jirani yangu akaninong'oneza, "Huu mtindo wa gwaride ni mpya, eh?" Watoto wa Makote nao walikuwa wanatembea kama watu waliomeza ufagio, wamevuta pumzi, matumbo ndani, nyuso zimeiva. Mmoja akapiga hatua ndefu tukasikia kifungo kinaruka, ti! kikagonga ngoma.

Nikaelewa. Palepale nikaelewa yote, kuanzia pasi mpaka kalamu, na nikaomba Mungu watoto wapite tu, waende zao, mikono kiunoni, pumzi ndani, basi. Watoto wakasimama mbele ya mgeni. Mwalimu wa gwaride akatoa sauti: "Wimbo wa taifa!"

Mnajua wenyewe. Wimbo wa taifa mtu husimama wima, mikono chini ubavuni, hatingishiki. Uwanja mzima ukasimama. Watoto wa mjini wakatazamana nusu sekunde, nikaona kabisa wanaamua, halafu wakashusha mikono.

Namshukuru Mungu na Bwana Mbwambo kwa mashati. Yeye alikuwa amesisitiza yashonwe marefu ili watoto wakue nayo, kwa hiyo yalifika karibu na magoti kama kanzu fupi, hakuna mtoto aliyeaibika mwili. Lakini kaptura zilishuka. Ya kwanza ilikuwa ya kiongozi wa mstari wa mbele, ikafuata ya jirani yake, kisha mstari mzima, taratibu, kwa zamu, kama mapazia, mpaka kaki yote ya shule ya mjini imekaa juu ya miguu. Upande wa Makote, kila walipovuta pumzi ili waimbe kwa nguvu, ti! ti! vifungo.

Na hakuna mtoto aliyeinama. Hilo ndilo nililokuwa nataka kuwaambia siku zote. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia, hakuna aliyeacha kuimba. Nchi ilikuwa changa na watoto wale walikuwa wameambiwa wimbo huu ukiimbwa husogei, basi hawakusogea. Walitazama bendera, kaptura miguuni, wakaimba ubeti wa kwanza na wa pili mpaka mwisho. Mimi aibu ilikuwa inanichoma masikio, lakini katikati ya aibu nilishikwa na kitu kingine, nywele zilinisimama, nikajiona mdogo kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Wao walikuwa wanabeba kosa langu na walikuwa wamesimama wima kuliko mimi.

Wimbo ukaisha. Halafu kicheko, lo! kicheko cha watu elfu, kilianzia kwa akina mama kikaenda kama moto wa nyika, nikamwona baba yangu ndiye pekee asiyecheka, anatazama chini.

Mgeni rasmi hakucheka. Alimgeukia Bwana Mbwambo akauliza, si kwa ukali, "Ndugu, hawa watoto aliwapima nani?"

Bwana Mbwambo akasimama. "Ndugu mgeni, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewakimbiza watu."

Angeweza kusema jina langu, neno moja tu. Hakusema. Na hapo miguu yangu ikanisimamisha yenyewe, maana akili ilikuwa imeshakimbilia msituni. Nikasema, "Shikamoo." (Ndiyo, nilianza na shikamoo, sikujua nianze na nini.)

"Marahaba," akasema mgeni.

"Niliyepima ni mimi. Naitwa Somoe. Niliunguza futi, nikaikata, nikaona haya kusema."

Nadhani angeniuliza zaidi, lakini watu walikuwa hawatutazami tena. Mama Felista alikuwa ameingia uwanjani. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alitembea mpaka katikati ya zile shule mbili, akasimama mikono nyuma, akawatazama watoto, mstari kwa mstari, kama mtu anayetazama shamba kabla ya kulima. Halafu akapaza sauti kwa akina mama waliokaa pembeni: "Njooni na khanga zenu!"

Wakaja. Kufumba na kufumbua akina mama walikuwa wamesimama duara kubwa, khanga zimetandazwa mkono kwa mkono, ukuta wa rangi zote katikati ya uwanja, watoto wako ndani. Mimi nikakimbia nikashika ncha ya khanga moja, kwa hiyo niliona. Mama Felista hakuwa na futi, wala daftari. Alikuwa anamnyooshea kidole mtoto.

"Wewe nnene wa Makote, vaa ya yule nrefu wa mjini. Wewe ntoto wa mjini, chukua ya huyu nkubwa wa Makote. Wewe, hapana, wewe ngoja. Wewe na wewe."

Mnaelewa alichokifanya? Kaptura zangu zilizobana zilikuwa zinawatosha watoto wadogo, na zilizolegea zilikuwa zinawatosha wakubwa. Kaptura mia mbili na zaidi, karibu kila moja ilikuwa na mwenyewe, ila si yule niliyemwandika. Naye alikuwa anawaona wote kwa mara moja, viuno na kaptura, kichwani, na anawagawa bila kurudia. Hakumjaribisha mtoto mmoja mara mbili. Wanawake waliokuwa wanacheka waliacha kucheka mmoja mmoja, wameshika khanga juu, unasikia tu ile sauti yake ya upole, wewe na wewe, wewe na wewe. Niliwahi kusimama Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo ardhi inakatika na unaiona Ruvuma huko chini na nchi ya watu ng'ambo yake, na nikashika mti kwa mikono miwili. Siku ile niliishika ncha ya khanga vilevile.

Khanga ziliposhuka, watoto wa shule mbili walikuwa wamechanganyika, huwezi kujua nani wa Makote nani wa mjini, na kila mmoja mikono yake iko huru. Wadogo sita wa Makote hawakupata cha kuwatosha, wakapita na kaptura zao kuukuu zenye viraka. Zikabaki kaptura sita kubwa zisizo na mtoto, mwalimu wa michezo akajipima moja, ikamtosha. Gwaride likaanza upya. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likasimama, na mgeni rasmi alisimama tangu watoto wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kazi ya wilaya tulipewa. Lakini mgeni aliweka sharti, tuanze na shule tatu kwanza, na nguo yoyote ijaribiwe kabla haijatoka ghalani; Bwana Mbwambo aliitika kichwa chini, na nadhani ilimuuma kusikia neno "kwanza". Ukuu wangu uliisha siku hiyo hiyo. Nilipelekwa kukaa pembeni ya Mama Felista, kazi yangu kushona pindo, na nilishona pindo mwaka mzima. Baba hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ulisimama," akaendelea kula.

Siku moja tukiwa wawili tu, tunaondoa nyuzi zilizobaki kwenye mashati, nikamwuliza Mama Felista alijifunza wapi kupima kwa macho. 

"Kule kwetu," akasema, "wapiganaji walikuwa wanapita. Nguo zimechanika, lakini hawawezi kusimama. Nnawaona wanapita tu kwenye majani, huyu, huyu, huyu. Wakirudi, kila ntu anakuta nguo yake."

"Na walirudi, Mama?"

"Wengine." Akakata uzi kwa meno. "Nguo zingine zilibaki kwangu. Nnazijua zilikuwa za nani."

Mimi niliona haya kusema habari ya futi iliyoungua. Tangu siku ile nikikosea nasema, tena nasema mapema, hata kabla mtu hajauliza, mpaka wajukuu wangu wananicheka kwamba bibi anakiri hata chumvi ya mboga. Wacheke. Na nikimpima mtu nguo, hadi leo, nampima mara mbili, nanyoosha futi mbele yake, namwonyesha inaanzia moja.